Wateja wanakuja dukani Ngamiani kupiga picha kanga, halafu wanaagiza Kariakoo. Nifanyeje?

#1 BintiYaDoti
Wakuu habari za jioni.

Nina duka la kanga, vitenge na madera hapa Ngamiani, Tanga mjini. Alilianzisha mama mwaka 1994, mimi nimelishika mwaka wa sita sasa. Zamani hesabu yake ilikuwa nyepesi. Unapanda basi, unashuka Kariakoo, unanunua, unarudi, unaongeza elfu mbili au tatu kwenye kila doti. Watu wananunua, maana nani atasafiri kilomita 350 kufuata kanga?

Jumamosi iliyopita kaingia dada mmoja, akaomba nimteremshie kanga ya rafu ya juu kabisa. Nikapanda kigoda. Akaikunjua juu ya kaunta, akalisoma jina taratibu, akaipapasa, akaigeuza kuangalia kama rangi imepenya upande wa pili, akapiga picha mbili. Moja ya mji, moja ya pindo. Akasema "nitarudi". Usiku nikafungua stetasi yake: skrinshoti ya muuzaji wa Kariakoo, kanga ile ile, bei pungufu kwa 2,500, na chini kaandika "tupo watatu, nani mwingine tuchangie nauli ya mzigo?"

Yaani duka langu limekuwa chumba cha kujaribia nguo za mwenzangu.

Ukurasa wangu wa Instagram una wafuasi 3,100. Nimebusti (nimelipia posti zisambazwe) mara tano mwaka huu, naletewa likes kutoka Mwanza na Mbeya. Swali langu: tatizo ni bei, ni ukurasa, au duka la rejareja la mkoani ndiyo limefika mwisho wake? Naomba kuwasilisha.

#2 KisosoraBoy
Siti ya mbele hapa. Kahawa na kashata tayari.

#3 MpigaHesabu
Ni bei, dada, tusizunguke. Mzigo mdogo kutoka Dar unalipiwa kwenye basi elfu tatu mpaka tano. Akiagiza doti moja peke yake, ile 2,500 yote imeliwa na nauli na bado kapata hasara. Ndiyo maana kakuambia "tupo watatu". Wakifika wanne, kila mmoja anatoa kama elfu moja ya nauli, na bado amekupita wewe kwa 1,500. Kwa hiyo usishindane na mtu mmoja mmoja, hao bado ni wako. Shindana na kikundi. Weka bei ya doti nne, iandike ukutani na mtandaoni.

#4 MamaChumbageni
Mimi ni mmoja wa hao wanaoagiza Dar, nitasema ukweli mnipige mawe. Siagizi kwa sababu ya elfu mbili. Naagiza kwa sababu yule wa Kariakoo ameandika bei. Maduka yetu ya Tanga ukikuta kitu kizuri, chini wameandika "bei njoo inboksi". Naja inboksi saa tatu usiku, najibiwa kesho yake saa nane mchana: "ya ipi?" Wakati huo nimeshalala, nimeamka, nimepika na hamu imeisha.

#5 BintiYaDoti
MamaChumbageni umenigusa. Ni kweli siandiki bei. Lakini nikiandika 16,000 asubuhi, jirani yangu wa mlango wa tatu anaandika 15,500 kabla ya adhuhuri. Nimeshafanyiwa.

#6 KisosoraBoy
Jirani anakufuatilia kuliko wateja. Huyo ndiye mfuasi wako namba moja kati ya wale 3,100 😂

#7 FundiMitandao
Wakuu, bei ni sehemu ndogo tu. Tuangalie mitambo ilivyobadilika, maana wengi tunafanya biashara kwa kanuni zilizokwisha.

Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba wanapunguza posti za kurasa za biashara, wanatanguliza za ndugu na marafiki. Kuanzia hapo, mtu kubonyeza "like" kwenye ukurasa wako si ahadi kwamba ataona unachoweka. Katikati ya 2021 bosi wa Instagram, Adam Mosseri, akasema wazi kwamba wao si programu ya kupeana picha tena. Video fupi zikachukua nafasi. Sasa BintiYaDoti anaweka nini? Picha ya kanga imekunjwa kwenye rafu, imepigwa na mwanga wa taa ya njano. Hata mimi ningeipita.

Kuhusu kubusti: nakuapia ulichagua "Tanzania" nzima na ukaacha lengo la watu kuutembelea ukurasa. Mtambo umekutii. Umekutafutia watu wanaopenda kubonyeza, popote walipo, ukawapata Mwanza. Mara nyingine chagua lengo la ujumbe, kisha weka alama ya eneo Tanga mjini na duara lake, ongeza Muheza na Pangani. Utaona idadi ndogo, usiogope. Mia wanaoweza kuja dukani kwa bajaji wanakufaa kuliko elfu kumi wa kule kwingine.

Jambo lingine watu hawalijui. Tangu Julai 2025 posti za akaunti za biashara za Instagram zinaweza kuonekana mtu akitafuta Google. Kwa hiyo ukiandika "moto moto 🔥🔥 wahi" hakuna atakayekupata. Andika kama watu wanavyotafuta: kanga za harusi Tanga, doti, rangi, bei.

#8 MpigaHesabu
Fundi, umesema vizuri lakini hujajibu. Yule dada aliingia dukani kwa miguu yake. Kanga ameiona, ameishika, ameinusa. Video fupi ingemwonyesha nini zaidi? Mteja alishafika, akaondoka mikono mitupu.

#9 FundiMitandao
Mmoja kafika. Wangapi hawakufika? Huo ndio uzito wa hoja yangu.

#10 MzeeWaBarabaraYa12
Wanangu, nimesoma kwa utulivu. Biashara ya kanga mji huu haijawahi kutulia hata siku moja. Wakati wetu adui hakuwa Kariakoo, alikuwa Mombasa. Akina mama walivuka Horohoro wakarudi na kanga za kule ambazo hapa hazijafika, wakauza majumbani. Wenye maduka wakalalamika vilevile: "biashara imekwisha". Haikuisha. Walionusurika ni waliojua kanga ipi inataka kutoka kabla haijatoka. Mama yako, binti, kama ni yule ninayemfikiria, alikuwa na daftari la majina ya wateja na rangi wanazopenda. Mzigo ukishuka, anamtuma kijana na baiskeli. Unalo daftari hilo?

Na hii biashara ya mtandaoni nayo isiwatishe. Ile kampuni kubwa ya Jumia ilikuja na makelele yote, leo iko wapi? Imekufa Afrika nzima.

#11 Tongoni_Hadi_Lini
Mzee shikamoo. Sahihisho dogo tu: Jumia ilifunga Tanzania Novemba 2019, mwezi huo huo na Kameruni. Kenya, Uganda, Nigeria na Misri wameendelea. Na hata hapa, iliyoondoka ni kampuni. Watu hawakuacha kununua mtandaoni, walihamia WhatsApp na Instagram, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Kifupi, soko la mtandaoni la Tanzania ni konda wa basi.

#12 MzeeWaBarabaraYa12
Marahaba. Nimekubali sahihisho. Hilo la konda nimelipenda.

#13 DadaWaViungo
Mimi nauza iliki, pilipili manga na mdalasini kutoka milima ya Amani, si nguo, lakini nimepita njia hiyo hiyo. Acheni Instagram. Mimi naishi na orodha ya matangazo ya WhatsApp. Nina namba 600 za wateja, nikituma mara moja wote 600 wanapata. Wiki moja mzigo umekwisha.

#14 FundiMitandao
Dada, hapo si sawa. Orodha moja ya matangazo inabeba namba 256 tu. Na wanaopokea ni wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Asiyekuhifadhi hapati kitu, na wewe huambiwi.

#15 DadaWaViungo
Haya, nina orodha tatu basi, nilifupisha. Lakini hilo la kuhifadhi namba ndiyo nalisikia leo. Kumbe ndiyo maana wale wa Korogwe wako kimya mwaka mzima! Nilidhani wamenichukia.

#16 KisosoraBoy
Mtu anakaa mwaka na kinyongo na Korogwe nzima, kumbe hajahifadhiwa tu.

#17 DadaWaViungo
Cheka tu. Kuanzia kesho kila kifurushi kitaandikwa: "hifadhi namba hii upate bei mpya". Ila BintiYaDoti, hoja yangu inasimama. Tumia WhatsApp ya biashara, ipo tangu 2018 na ni bure, weka bidhaa na bei kwenye katalogi yake. Mteja akiuliza, mtumie hiyo. Weka na jibu la papo kwa papo la usiku, hata kama ni "nimekuona, nakujibu saa mbili asubuhi". Hapo MamaChumbageni asingelala na hasira.

#18 Tongoni_Hadi_Lini
Mkiweka mayai yote WhatsApp mkumbuke 4 Oktoba 2021. WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika pamoja dunia nzima, saa kama sita hivi. Na ile mikongo ya baharini ilipokatika 2023, wengine tulikaa siku kadhaa picha haifunguki.

#19 MkongoWaTaifa
Mkongo ni 12 Mei 2024, si 2023. Ilikuwa Jumapili. Iliyokatika ni EASSy na Seacom.

#20 Tongoni_Hadi_Lini
Asante mkuu. Jina lako na sahihisho vinaendana, utafikiri umejisajili leo kwa ajili ya posti hiyo.

Kwa vyovyote, daftari la Mzee wa Barabara ya 12 halikukatika siku hizo zote mbili. Namba za wateja ziandike karatasini pia. SMS ya kawaida ilikuwa inafika.

#21 WakiliWaMtaa
Kwa wenye orodha za namba: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja uliyopewa kwa ajili ya mzigo mmoja si ruhusa ya kumtupa kwenye kundi la watu 200. Na hizi skrinshoti za "ushuhuda wa wateja" zenye majina na namba zao wazi, acheni. Muulize kwanza, akikubali uko salama.

#22 Saida_Mapindo
Samahani, nitaharibu sherehe. Mnazungumza mitandao wakati kitu chenyewe kimebadilika. Wasichana wangapi wa miaka 20 mnawaona wamejifunga kanga kwenda mjini? Kanga wanaivaa ndani, wanaifunga msibani, wanabebea mtoto. Nje ni abaya, dera, gauni la kushona. Mimi nilikuwa na duka la kanga tupu, nikapunguza nusu nikaweka madera na mitandio, mauzo yakarudi bila kuposti kitu chochote. Labda mteja wa BintiYaDoti hakukimbia bei. Labda wamebaki wachache tu, na hao wachache ndio tunaowagombania.

#23 BintiYaDoti
Saida, madera ninayo na nayo wanayapiga picha.

#24 Saida_Mapindo
😅 Basi ni uso wako.

#25 Pingoni
Mimi ni katibu wa kila kamati ya harusi mtaani kwetu, kwa hiyo nisikilizeni. Kanga haijafa, imehamia kwenye sare. Harusi, arobaini, maulidi, kumtoa mwali, msiba: wanawake ishirini, thelathini, wote doti moja. Na hayo hayaamuliwi dukani. Yanaamuliwa kwenye kundi la WhatsApp, saa nne usiku, watu wakibishana rangi. Anayeshinda ni yule ambaye picha yake imeingia kundini wakati ubishi umepamba moto.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba, mazishi ni kesho yake. Kariakoo ingetusaidia nini? Tulitafuta mtu mwenye doti 25 za aina moja mji huu, usiku ule ule. Tulipiga simu maduka manne. Mawili hayakupokea. Moja likasema njoo asubuhi. La nne alitufungulia mlango saa tano usiku, na hatukumwomba apunguze hata shilingi.

#26 MpigaHesabu
Hapa sasa kuna kitu. Lakini Pingoni, doti 25 za aina moja ni mtaji wa karibu laki nne umelala kwenye rafu ukisubiri mtu afe.

#27 Pingoni
Astaghfirullah, wewe hesabu zako.

#28 MpigaHesabu
Nasema kweli. Akiweka aina kumi namna hiyo ni milioni nne. Na majina ya kanga yanachuja upesi. Mwakani hiyo kanga haitakiwi hata kwa mkopo.

#29 Kkoo_Jumla
Nimesoma kuanzia mwanzo, mimi ni muuzaji wa Kariakoo. Si lazima niwe ndiye huyo wa kwenye skrinshoti, lakini ni hao hao.

Mnadhani tunawala. Faida yangu kwa doti ni ndogo kuliko ya dada wa #1. Naishi kwa wingi. Kodi ya fremu huku hamtaiamini. Nakwenda laivu kila usiku mpaka saa sita, sauti imekauka, namjibu mtu wa Tandahimba anauliza "hiyo ya bluu" na zipo bluu saba. Mzigo ukichelewa kwenye basi natukanwa mimi. Kuna mteja alinionyesha ujumbe wa malipo wa kughushi, nikapakia mzigo, ukaenda mazima.

Na nusu ya wateja wangu wa mikoani ni wenye maduka kama BintiYaDoti. Mkifa nyinyi, hao wanaoagiza doti moja moja hawanitoshi. Mimi mwenyewe nyuma yangu kuna watu wanaagiza moja kwa moja China kupitia mawakala wa mizigo. Wananipita mimi kama mimi ninavyompita dada.

#30 BintiYaDoti
Kkoo_Jumla, asante kwa kusema. Sikutegemea kukuonea huruma.

#31 MamaChumbageni
Nami niseme langu la upande huo, maana nimewasifu mno. Mara mbili nimelipa kabla, mara ya pili nikaletewa kitenge kingine kabisa. Kumrudishia nauli juu yangu, na ukurasa wenyewe ukanifungia. Sijui hata sura ya mtu. BintiYaDoti akinikosea naja kumkalia dukani mpaka jioni na chai yangu.

#32 FundiMitandao
Mama, hiyo sentensi yako ya mwisho ni tangazo. BintiYaDoti aiweke kwenye ukurasa: "Rangi ikichuja, njoo unikalie dukani." Na kwa malipo tumia lipa namba ya biashara. Jina la duka linatokea kabla mteja hajaweka namba ya siri, wasiwasi unapungua. Namba binafsi yenye jina la shemeji inafukuza watu, hasa na hawa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

#33 MzeeWaBarabaraYa12
Hakuna aliyenijibu kuhusu daftari.

#34 BintiYaDoti
Mzee, lipo. Nimelitoa kabatini jana. Mama ameandika kwa penseli: "Bi fulani, Makorora, hapendi kijani, jina lisiwe la mafumbo." Kurasa arobaini hivi. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine namba ni za mezani. Nimewapata kumi na wanne.

#35 KisosoraBoy
"Jina lisiwe la mafumbo" 😂 Bi huyo alikuwa na mke mwenza, naweka dau.

#36 Saida_Mapindo
Au alikuwa na shoga yake mmoja hivi. Kanga zimevunja nyumba nyingi mji huu. Unavaa "Mdhaniaye siye kumbe ndiye" unapita mbele ya mlango wa mtu mara tatu, hujasema neno.

#37 DadaWaViungo
Hiyo yenyewe si ndiyo video? Jina la kanga moja kila siku, unasimulia lilimkuta nani. Bila kutaja watu, wakili asije.

#38 WakiliWaMtaa
Nipo nasoma.

#39 MpigaHesabu
Simulizi zitaleta watazamaji wa Mwanza tena. Tunarudi palepale.

#40 BintiYaDoti
Wakuu, mrejesho wa wiki tatu.

Nimeandika bei zote. Jirani kashusha 500 siku ya pili, halafu kachoka. Nimeweka bei ya doti nne, imechukuliwa mara mbili tu. Matangazo nimeelekeza Tanga na Muheza, likes zimeanguka vibaya sana, lakini watu sita wameuliza duka liko wapi, wanne wakafika. Sijui ni bei, ni eneo, au ni mfungo unakaribia. Kati ya wale kumi na wanne wa daftari la mama, mmoja amenipigia mwenyewe. Mjukuu wake ana arobaini Jumapili. Ameniingiza kwenye kundi lao la familia, nikatuma picha tano saa tatu usiku. Wakabishana mpaka saa tano. Wakachagua ya zambarau.

Wanataka doti 30. Mimi nina 18.

#41 Pingoni
Hongera! Sasa hizo 12?

#42 BintiYaDoti
Nimezunguka mji mzima, hakuna. Nimeingia Instagram, nikaikuta kwenye ukurasa ule ule wa skrinshoti. Nimelipia usiku huu.

#43 KisosoraBoy
🤣🤣🤣 Uzi umerudi #1.

#44 Kkoo_Jumla
Zambarau yenye korosho kwenye pindo? Doti 12, jina la mpokeaji linaanzia na Z?

#45 BintiYaDoti
Ni wewe?!

#46 Kkoo_Jumla
Mzigo umeshafungwa, nimeandika namba yako kwa kalamu nene pande zote mbili. Ningejua mapema ningekupa bei ya jumla. Nikutumie tofauti, au nikuongezee doti moja?

#47 MpigaHesabu
Chukua doti. Mgeni mmoja huongezeka kila arobaini.

#48 BintiYaDoti
Nachukua doti. Wakuu, kuna anayejua basi la kwanza la alfajiri kutoka Dar linaingia Kange saa ngapi siku za Jumamosi? Mshonaji anazitaka kabla ya adhuhuri.